Maswali ya Wasomaji: Machozi ya Kutu Yanayopanda

Mwezi huu safu imepokea barua zinazohusu uchoraji dhahania, yaani ule usioonyesha mtu, mnyama wala nyumba, bali rangi, mistari na maumbo yenyewe, pamoja na nafasi ya kamera katika kazi hiyo. Nimekuwa mchoraji mjini Kisumu kwa miaka 22, na karakana yangu iko upande wa Dunga, mahali ambapo upepo wa ziwa huingia ndani pamoja na harufu ya omena zinazoanikwa juani. Barua nimezifupisha, lakini maswali yenyewe sikuyagusa.

SWALI: Mwalimu, pokea salamu zangu. Nilimaliza kidato cha nne mwaka uliopita, na tangu wakati huo nachora michoro isiyofanana na kitu chochote. Baba yangu husema kwamba hata mtoto wa chekechea anaweza kuchora hivyo, na kwamba mambo haya ni ya Wazungu. Nimjibu vipi bila kumkosea heshima? – Kijana, Kondele, Kisumu

JIBU: Kijana wangu, usimjibu kwa mabishano, kwa maana mzazi akishindwa katika mabishano hapati faida, na wewe pia hupati. Mwombe siku moja mpande boti pamoja mwende kisiwani Mfangano, katika Kaunti ya Homa Bay, mkatazame miamba ya Mawanga na Kwitone. Pale ukutani mwa mwamba pana miduara iliyochorwa mmoja ndani ya mwingine, mingine yenye miale kama ya jua, kwa rangi nyekundu na nyeupe. Inaaminika kuwa kazi ya Watwa, wawindaji walioishi huko kabla ya Wasuba na Waluo kufika, na wenyeji wa kisiwa wameihusisha michoro hiyo na ibada za kuomba mvua. Katika Kaunti ya Busia upo mwamba wa Kakapel, ambao una michoro ya vizazi mbalimbali, ya baadaye ikiwa imepakwa juu ya ile ya awali, na ndani yake miduara ya namna hiyo imo pia. Hakuna mtu wala mnyama katika duara. Hata hivyo aliyelichora alipanda mlima, akasaga udongo mwekundu, akalichora kwa uangalifu mahali pasiponyeshewa, kwa sababu lilikuwa na uzito kwake.

Tena hamna haja ya kwenda mbali. Mtazameni chungu cha bibi. Mfinyanzi wa Kiluo huviringisha kamba iliyosokotwa juu ya udongo ungali mbichi, nayo ikaacha mistari midogo iliyopangana shingoni mwa chungu. Hakuna aliyewahi kumwuliza mfinyanzi ile mistari ni picha ya nini. Baba yako amekuwa akinywa maji yaliyopoa ndani ya sanaa dhahania tangu utoto wake, ingawa hakuna aliyemwambia jina hilo.

Kuhusu mtoto wa chekechea, baba ana ukweli kiasi, na ni vizuri umkubalie. Mkono wa mtoto una uhuru ambao mchoraji mzima huutafuta kwa miaka mingi. Lakini mtoto huchora karatasi moja akaiacha akaenda kucheza, ilhali wewe unatakiwa kuirudia, kuifuta, kuipima na kujua kwa nini ule mstari uko pale na si penginepo. Mwonyeshe baba michoro yako miwili, mmoja unaouona umefaulu na mwingine ulioshindikana, umwulize ni upi angeutundika sebuleni. Mara nyingi wazazi huchagua ule uliofaulu, kisha wanaanza wenyewe kueleza sababu zao, na hapo mazungumzo yenu yatakuwa yameanza.

SWALI: Mimi ni mpiga picha wa harusi na mahafali mjini Nakuru. Nilipotembelea maonyesho yako niliona picha ndogo za kamera zimebandikwa kando ya michoro mikubwa. Je, michoro hiyo unainakili kutoka kwenye picha? Msukumo wako unatoka wapi? Nami hujaribu kupiga picha dhahania, lakini zikitoka huonekana kama makosa tu. – Mpiga picha, Nakuru

JIBU: Ndugu yangu, picha zile sizinakili, lakini bila hizo michoro ile isingekuwapo, na afadhali nikueleze kwa mfano wa mmoja tu.

Mwaka juzi, mwezi wa Machi, kabla mvua za masika hazijashika, mafundi wa mashua pale Dunga walikuwa wameifudikiza mashua kuukuu ufuoni ili waikalafati upya. Ubavu wake ulikuwa umepakwa rangi mara nyingi, kwa sababu kila aliyeinunua alipaka rangi yake juu ya rangi ya mwenzake bila kuibandua ya zamani. Fundi alipokuwa akikwangua kwa patasi, chini ya buluu palitokea kijani, chini ya kijani palitokea nyekundu iliyofifia kama tofali la zamani, na chini kabisa mbao yenyewe, nyeusi kwa kunywa maji. Palipokuwa na ufa palikuwa pamepigiliwa ukanda wa bati uliokatwa kwenye debe, misumari ikiwa imekaribiana kama mshono wa cherehani, na kila msumari ulikuwa umetoa chozi la kutu. Machozi hayo yalikuwa yameteremka kwa miaka mingi wakati mashua ilipokuwa majini. Sasa mashua ilikuwa imepinduliwa, kwa hiyo machozi yote yalikuwa yanapanda.

Nilirudi pale asubuhi tatu mfululizo. Kwa simu yangu nilipiga kwanza mashua nzima, kisha ubavu, kisha sehemu yenye upana wa kiganja, hadi jina la mashua, umbo lake na hata dalili yoyote kwamba ni mashua vikatoka nje ya fremu, yakabaki machozi ya kutu yanayopanda juu ya buluu. Kisha simu nikaifungia sandukuni. Kwa wiki mbili nilichora nikitegemea kumbukumbu peke yake, na nilipozifungua picha hatimaye nilishangaa. Kile kijani kilichokuwa kimetawala karibu nusu ya turubai yangu, katika picha kilikuwa ukanda usiozidi upana wa kidole, na buluu niliyoidhani ni hafifu ilikuwa imejaa kila mahali. Kamera ilikuwa imeitunza mashua, nami nilikuwa nimekitunza kilichonigusa, na tofauti kati ya hivyo viwili ndiyo mchoro wenyewe. Ndiyo maana katika maonyesho niliibandika ile picha ndogo kandoni: nilitaka mtazamaji aione hiyo tofauti kwa macho yake. Tangu hapo nimeifanya kuwa kanuni ya kazi yangu. Picha huitwa kama shahidi, baada ya mkono kusema la kwake.

Kuhusu msukumo, wengi hudhani ni kitu kinachokuja chenyewe na kubisha hodi. Wangu hutoka katika kurudi mahali pamoja mara nyingi. Ninalitazama gugu maji linavyosukumwa na upepo katika Ghuba ya Winam, ambapo asubuhi ufuo wote huwa kijani kitupu na jioni maji yakawa wazi kana kwamba hapakuwa na kitu. Usiku usio na mwezi wavuvi wa omena huwasha taa zao mbali ziwani, zamani karabai na siku hizi nyingi za sola, na mstari ule wa taa huvunjika na kuungana tena kadiri mawimbi yanavyozibeba mashua. Alasiri mvua inapotoka upande wa milima ya Nandi, anga huwa na rangi ambayo kwa miaka 22 bado sijaipata kwenye kopo.

Wapo wengi waliotembea katika njia hii ya brashi na kamera. Mmarekani Saul Leiter alikwenda New York mwaka 1946 akiwa na nia ya kuwa mchoraji, na michoro yake ilikuwa dhahania, lakini dunia ilimfahamu zaidi kwa picha za rangi alizozipiga mitaani karibu na nyumbani kwake. Alipiga kupitia vioo vilivyolowa mvua au kufunikwa na mvuke, akaacha theluthi mbili za picha zimezibwa na kivuli au turubali la duka, na mtu akaonekana kama doa jekundu la mwavuli tu. Mara nyingine alitumia filamu zilizokwisha muda wake, kwa kuwa rangi zake hugeuka kwa namna isiyotabirika. Julie Mehretu, aliyezaliwa Addis Ababa mwaka 1970, amefanya jambo lingine: huchukua picha za habari, za vita na maandamano, akazififisha kwa kompyuta hadi hakuna sura inayotambulika, kisha juu ya ukungu huo wa rangi akachora alama zake. Huzuni ya tukio hubaki katika rangi hata baada ya watu kutoweka, na mimi naiona kuwa mojawapo ya kazi nzito zaidi za kizazi chetu.

Sasa tuje kwako. Nadhani picha zako huonekana kama makosa kwa sababu unazipiga kama unavyopiga harusi: unasimama umbali uleule, unaweka kitu katikati, unabonyeza na kuendelea, kwa maana bibi harusi hasubiri. Ziwa Nakuru lina subira zaidi. Tangu maji yake yalipoanza kupanda katika mwongo wa 2010, migunga mingi iliyokuwa ukingoni imekufa ikabaki imesimama majini, mikavu na myeupe kama mifupa. Waache heroe kwa sasa, kwa kuwa rangi yao ya waridi, wanayoipata katika mwani wanaoula, humvuta kila mtu na kumfanya asione kingine. Chagua mgunga mmoja. Tazama pale shina linapokutana na kivuli chake majini, na ukae hapo saa nzima bila kuhama, ukitoa kitu kimoja nje ya fremu katika kila picha: kwanza anga, kisha ufuo, kisha ncha za matawi. Picha ya kwanza itakuwa ya mti. Ukifika ya ishirini utakuwa na mistari myeusi miwili inayokaribia kugusana, na utajua mwenyewe kwamba hiyo si makosa.

Kumbuka pia kwamba sisi tuko karibu kabisa na ikweta, na jua letu huzama likiwa karibu wima, kwa hiyo mwanga laini wa jioni haudumu kama wanavyousifu wapiga picha wa nchi za kaskazini. Ukifika saa 12 jioni ukaanza kutafuta pa kusimama, umechelewa. Fika saa 10, uchague mahali, usubiri.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Kakamega na mama wa watoto watatu. Nilisomea sanaa chuoni lakini sijashika brashi kwa miaka minane. Siku ya mchoraji dhahania ikoje, na je, mtu anaweza kuishi kwa kazi hiyo? – Mwalimu, Kakamega

JIBU: Mwalimu mwenzangu, nitaanza na la pili kwa sababu ndilo linalouma. Kwa miaka kumi ya mwanzo sikuishi kwa michoro. Niliandika mabango ya maduka, nikapaka kuta za shule za chekechea, nikafundisha jioni. Hata sasa ipo miezi ambayo hakuna turubai inayotoka nje ya mlango, na ada ya shule hailipwi kwa sifa. Anayekwambia kwamba uhodari pekee unatosha hakutakii mema. Usiiache kazi yako kwa sababu ya barua hii.

Hata hivyo wapo walioacha. Sane Wadu, ambaye ametulia Naivasha, huko katika Kaunti ya Nakuru, alikuwa mwalimu kabla ya kujitosa katika uchoraji miaka ya 1980. Watu walimwona kuwa amerukwa na akili, naye akachukua jina la Sane, ambalo kwa Kiingereza maana yake ni mwenye akili timamu, na mwaka 2022 Nairobi ilifanya maonyesho makubwa ya kazi yake ya miongo kadhaa. Nalitaja jambo hili kwa heshima, na ulipime pamoja na hali ya watoto wako.

Anayekuhusu zaidi, kwa maoni yangu, ni Msudani Ibrahim El-Salahi, aliyezaliwa Omdurman mwaka 1930. Alisomea London, na aliporudi Khartoum na kuonyesha michoro yake aligundua kwamba watu wa kwao hawakuwa na la kusema nayo. Basi akaanza kutembea na kutazama vitambaa, vyombo vya nyumbani na maandishi ya Kiarabu yaliyokuwa kwenye kuta za kwao, akaivunja herufi hadi ikawa umbo. Mwaka 1975 alikamatwa akafungwa miezi sita bila kufikishwa mahakamani. Gerezani kuchora kulikatazwa, kwa hiyo alichora kwenye vipande vidogo vya karatasi na kuvifukia mchangani walinzi walipokaribia. Alipotoka aliendelea na njia hiyohiyo: huanza na kipande kimoja kidogo, kikazaa kingine kandoni, na kingine, hadi mchoro ukawa mkubwa kuliko ukuta wa chumba. Miaka mingi baadaye alirudia tena na tena umbo la mti uitwao haraz, wa jamii ya migunga, ambao huota majani wakati wa kiangazi na kuyapukutisha mvua zinaponyesha.

Nakuomba uanzie hapo. Kata karatasi ngumu ziwe na ukubwa wa bahasha, uziweke jikoni pamoja na brashi moja na rangi tatu: nyeupe, nyeusi, na moja unayoipenda. Watoto wakilala una dakika 20. Karatasi moja kwa usiku inakutosha, na usiitupe hata kama ni mbaya. Mwezi ukiisha zipange sakafuni, uone zipi zinazotafutana. Tena wewe uko jirani na msitu wa Kakamega, ambako mwanga wa asubuhi hushuka kupitia majani kwa vipande vipande. Piga picha ya sakafu ya msitu, si ya miti, uwe nayo kwa siku ambazo hutapata nafasi ya kutoka.

Siku yangu ni ya kawaida. Naamka saa 11 alfajiri na kuanza kabla simu hazijaanza kulia. Turubai zangu nyingi ni kitambaa cha amerikani, nilichokiwamba kwenye fremu ya msonobari, nikakipaka mchanganyiko wa gundi ya mbao na maji, kisha mikono miwili ya rangi nyeupe ya maji, nikikipiga msasa katikati. Ninapotaka uso wenye chembechembe naongeza unga mweupe wa daiatomaiti, ambao huchimbwa Kariandusi karibu na Gilgil na ambao viwanda vya rangi pia huutumia. Saa nne mchana hukoma kuchora kwa sababu paa la mabati huanza kuchoma na rangi za akriliki hukauka kwenye brashi kabla hazijafika kitambaani. Mchana ni wa kuosha vyombo, kuandika barua na kusubiri. Kusubiri ni sehemu kubwa ya kazi, na huwachosha wanafunzi kuliko kuchora.

SWALI: Nachora na kuchonga huku Kisii. Nikipiga picha za michoro yangu kwa simu ili niwatumie wanunuzi, rangi hubadilika na kingo hupinda. Nifanyeje? – Msanii, Kisii

JIBU: Hili nililijifunza kwa hasara. Chapisho moja liliwahi kuniomba picha za michoro mitano, nami nikazipiga usiku chini ya balbu. Toleo lilipotoka, nyeupe zote zilikuwa za manjano kama karatasi iliyokaa juani. Rangi ya mwanga hupimwa kwa Kelvin: mwanga wa balbu ya kawaida una takriban 2,700 na wa jua la mchana takriban 5,500. Jicho letu hurekebisha tofauti hiyo bila sisi kujua, lakini kamera hukisia, na mara nyingi hukisia vibaya mbele ya mchoro dhahania kwa kuwa haioni uso wa mtu wala anga ya kujipimia.

Basi toa mchoro nje siku ya mawingu, au uweke kwenye kivuli cha baraza kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Angalia kilicho jirani: paa la mabati ya buluu au ukuta wa waridi ulio mkabala hupaka rangi yake juu ya kazi yako. Simamisha mchoro wima, na simu iwe katika kimo cha katikati ya mchoro, sambamba nao kabisa, kwa sababu ukiinamisha simu kidogo tu pembe nne zitageuka. Kupinda kwa kingo hutokana na kusimama karibu mno, kwa hiyo rudi nyuma mita mbili au tatu na utumie lenzi ya kuvuta karibu kama simu yako inayo. Zima flashi na vichujio vyote. Weka karatasi nyeupe kandoni mwa mchoro katika picha moja, uitumie kurekebishia rangi baadaye. Futa lenzi kwa kitambaa safi, maana mafuta ya vidole huleta ukungu ambao wengi huudhani ni ubovu wa simu.

Kama rangi zako zinang'aa, mwanga uje kutoka pande zote mbili kwa pembe ya nyuzi 45, usiwe mbele. Na kama umeweka rangi nene yenye mabonde na vilima, piga picha ya pili mwanga ukitokea upande mmoja tu, ili mnunuzi auone ule unene. Picha ya kuchapishwa katika ukubwa wa A3 kwa nukta 300 kwa kila inchi inahitaji pikseli 3,508 kwa 4,961, yaani takriban milioni 17. Usiitume kwa WhatsApp kama picha ya kawaida kwa sababu itabanwa; itume kama faili.

SWALI: Niliuzia hoteli mchoro wangu, na sasa nimeuona umechapishwa kwenye kalenda yao bila kuniuliza. Je, wana haki hiyo? – Mchoraji, Busia

JIBU: Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, anayenunua mchoro hununua ule mchoro wenyewe. Haki ya kuunakili hubaki kwako, na haihamishwi ila kwa maandishi. Haki hiyo hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka utakaofariki. Lakini jiulize kwanza: mchoro ulikuwa tayari walipokuja kuununua, au walikuagiza uwachoree? Kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa kama mlipatana vingine, na hapa ndipo wasanii wengi hupoteza haki yao bila kujua. Kama ulikuwa tayari, waandikie barua ya adabu yenye picha ya mchoro na nakala ya risiti, udai malipo na jina lako litajwe. Wakikaidi, nenda Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Tangu leo, kila unapouza, andika kwenye risiti kwamba hakimiliki inabaki kwa mchoraji. Mstari mmoja unatosha.

SWALI: Mwanangu, nilinunua mchoro wako mdogo wa kijani na kahawia. Mjukuu wangu ameugeuza juu chini na anadai kuwa hivyo ni bora zaidi. Juu yake ni wapi? Tena, ulijuaje kwamba umekwisha? – Mzee, Milimani, Kisumu

JIBU: Mzee wangu, nashukuru kwamba bado uko ukutani. Nilijua umekwisha asubuhi niliyoingia karakanani nikaupita bila kutaka kuugusa, na asubuhi iliyofuata ikawa vilevile. Huwa ninasubiri asubuhi tatu. Ya tatu nilisaini.

Kuhusu juu na chini, mjukuu wako yuko katika kundi jema. Mrusi Wassily Kandinsky, ambaye ni miongoni mwa walioanzisha uchoraji dhahania huko Ulaya, alisimulia mwaka 1913 kwamba jioni moja mjini Munich alirudi nyumbani giza likiingia, akaona ukutani mchoro wa uzuri asioweza kuueleza, usio na kitu anachokitambua ndani yake. Alipousogelea aligundua kuwa ni mchoro wake mwenyewe, umeegemezwa kwa ubavu. Kesho yake mchana alijaribu kuupata tena ule uzuri, akashindwa, kwa sababu sasa alikuwa anavitambua vitu vilivyomo. Akasema tangu hapo alijua kwamba vitu ndivyo vilivyokuwa vinaidhuru michoro yake.

Nyuma ya turubai yako, pembeni, kuna mshale mdogo wa penseli unaoonyesha juu. Kile kijani kilikuwa chini nilipokichora, kwa kuwa kilitoka katika mashamba ya mpunga ya Ahero baada ya mvua, na kahawia ilikuwa anga yenye vumbi iliyotangulia mvua hiyo. Mjukuu akitaka kijani kiwe juu, niruhusu nimwombe jambo moja: autundike hivyo kwa wiki nzima mkabala na dirisha, apige picha yake kila siku saa moja asubuhi, mchana na jioni, na mkija mjini mniletee hizo picha nizione.